Mlinzi wa Mkiani

Mugumu, Serengeti
17 Machi 2025

Nelson,

Wazee wa Nyanungu wametangaza kwamba mtu asikupe moto, asikuchotee maji wala asikuazime simu mpaka ritongo, baraza lao, litakapokaa kukusikiliza. Aliyeniambia ni mama yako, Jumamosi, kwa simu ya muuza nyanya mmoja pale stendi ya Tarime. Alisema pia kwamba simu yako na kompyuta yako ziko kwa Mzee Kornelio, ndani ya gunia la mahindi lililofungwa mdomo kwa kamba ya katani. Ndiyo maana unapata karatasi.

Hapa tuko salama. Binti yangu Evelina amejifungua mtoto wa kike na wote wawili wana afya. Mume wangu Nathan anasumbuliwa na goti. Maji ya Manchira yanatoka siku moja, siku mbili hayatoki, na bwawa limejaa.

Sasa jambo lenyewe. Nimewauliza watu wasiopatana, na wameniambia hadithi moja. Jumamosi ya tarehe 8, jioni ng'ombe wakirudi kutoka mtoni, wezi waliswaga ng'ombe wa Heche kuelekea mpakani. Yowe likapigwa. Kila nyumba ikatoa mwanamume. Heche alichukua upinde, akapita kwenye lango lenu akikuita, kwa sababu ninyi wawili mlitahiriwa msimu mmoja na tangu hapo mnatoka pamoja kwenye yowe: yeye anatangulia, wewe unamlinda mgongo. Hukutoka. Akaenda peke yake. Kule kwenye vichaka vya mtoni akapigwa mshale wa nyonga, kutoka nyuma. Ng'ombe wakavuka.

Wanasema uliwauza. Wanasema nyumba yenu iko njiani kwenda mpakani, una laini ya Kenya, na kwa muda mrefu watu wamekusikia ukiongea peke yako chumbani, ukiwaambia watu wasioonekana nani anatokea upande gani.

Mama yako amewaambia wazee kwamba siku hiyo ulikuwa kitandani na malaria. Wewe mwenyewe hujaniambia kitu. Ulikuwa wapi? Ulikuwa unafanya nini? Nani mwingine anaweza kulisema hilo? Nijibu kama unavyomjibu hakimu, usinijibu kama shangazi.

Barua mpe Getruda, muuguzi wa zahanati. Yeye ni mtu wa Kagera, marufuku ya wazee haimhusu, na nimeshaongea naye.

Shangazi yako,
Elieth Nyangwine

*

Nyanungu, Tarime
30 Machi 2025

Shangazi, shikamoo.

Mpe Evelina hongera. Mwambie nitamwona mtoto nikiruhusiwa kupanda gari. Sasa hivi hata bodaboda wananipita kama mti. Mvua zimeanza. Mama na mimi tunapalilia wenyewe, hakuna aliyekuja. Dukani hawaniuzii kibiriti. Mama anapika, mimi nalala mapema.

Umeniambia nijibu kama mbele ya hakimu. Sikuumwa. Malaria ni ya mama. Nilikuwa chumbani kwangu nacheza gemu, nimevaa hedifoni. Sikusikia yowe.

Najua unavyolisoma neno hilo, gemu. Kwa hiyo nieleze.

Ni mchezo wa ndege za vita vya zamani, zile za propela. Watu wanaingia kwa intaneti kutoka kila mahali, kila mmoja na kiti chake. Timu yetu inarusha ndege ya mabomu. Ni nzito, ni mvivu, inakwenda mbele moja kwa moja kama maksai wa kulima. Rubani ni Batholomeo, yule wa chumba cha gemu kule Nkende. Mimi nakaa mkiani, nimeipa safari mgongo, naangalia tunakotoka. Kazi yangu ni ndege ndogo za kuwinda zinazokuja kutuangusha.

Watu hudhani mpiga bunduki wa mkiani anafyatua tu. Anayefyatua tu ndiye wa kwanza kufa. Ndege inayokuja huilengi pale ilipo. Unalenga hewa tupu mbele ya pua yake, na kadiri inavyokuja kwa ubavu ndivyo hewa hiyo inavyokuwa pana. Ikikaa nyuma yako sawasawa, shukuru Mungu, huyo ni mgeni. Unasubiri mpaka mabawa yake yajaze duara la kulengea. Wengi hupiga mapema kwa woga, na risasi zao zinamwonyesha adui wapi pa kupita. Unapiga kidogo, unaacha, unapiga kidogo, maana bunduki ikipata moto inagoma. Unapiga injini, huhangaiki na bawa. Na zaidi ya yote unaongea na rubani. Mkia wetu wenyewe unanizibia, lazima nimwambie "laza kushoto kidogo" nipate kuona, na yeye lazima ashike mstari hata risasi zikimwingia, kwa sababu akikwepa yeye, mimi nakosa.

Usiniambie ni kama upinde wa babu. Si kama upinde. Mshale haupati moto.

Siku ile yalikuwa mashindano ya kufuzu. Ndege yetu ndiyo pekee ya mabomu iliyorudi. Hao watu wasioonekana wanaowasumbua wazee ndio timu yangu, na "wawili juu kushoto" ni ndege. Batholomeo anaweza kuandika barua kwamba nilikuwa naye muda wote. Barua yake inatosha. Usisumbuke na kompyuta.

Mtoto wako,
Nelson Marwa

*

Mugumu
14 Aprili 2025

Nelson,

Batholomeo anasema hakuna mtu kanda nzima anayepiga bunduki ya mkiani kama wewe. Alilisema mbele yangu Alhamisi, chumbani kwake Nkende, nyuma ya saluni, na wateja wake hawakumbishia.

Mtoto wa Evelina amepata jina, ameitwa la bibi yangu. Goti la Nathan halijapona. Kwenye redio wamenipa kipindi cha asubuhi, kwa hiyo naamka na majogoo.

Batholomeo nimemwona ni mtu wa maneno mengi na mikono safi. Alitoka Singida kufuata dhahabu, akachimba mpaka akachoka na vumbi, akanunua kompyuta. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki, akasema, "Mama, huyo kijana wako ni jini. Mimi naendesha ndege nimefumba macho, kwa sababu najua nyuma kuna yeye." Amemweka msichana wa saluni, Teresia, kwenye kiti chako mpaka utakaporudi. Akamwambia anionyeshe. Teresia alibana kitufe, hakukiachia.

"Dada, unamwagilia bustani?" Batholomeo akamuuliza.

"Wewe ndiye unayumba kama umekunywa gongo," Teresia akamjibu. "Tulia nikulinde."

Walianguka. Wakacheka. Kisha akanionyesha mchezo wa tarehe 8, ameurekodi wote. Niliangalia picha bila sauti, maana spika yake imeharibika. Nimeona ulichoniandikia. Ndege mbili zilikuja kutoka juu, moja baada ya nyingine. Hukupiga. Nilidhani umelala. Zilipokuwa kubwa kabisa ukapiga kidogo tu, ya kwanza ikatoa moshi mweusi, ya pili ikageuka. Mimi si mtu wa michezo, lakini kazi iliyofanywa vizuri naijua nikiiona.

Nilimuuliza Batholomeo kama sauti ilirekodiwa. Akasema ndiyo, sauti za wote wawili. Nilimuuliza kama siku ile alisikia lolote kutoka upande wako. Akaangalia chini, akasema, "Mama, mchezo una kelele." Hilo si jibu. Nimehoji watu redioni miaka mingi, najua mtu anapoangalia chini.

Amekubali kunitolea nakala yote. Rekodi hiyo ndiyo itakayowaonyesha wazee kwamba hukuwauza ng'ombe. Barua ya mgeni kutoka Singida hawataisoma hata nusu.

Kuna jambo lolote kwenye sauti ambalo napaswa kulijua kabla sijasikiliza? Niambie wewe kwanza.

Elieth

*

Nyanungu
4 Mei 2025

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Getruda alikuwa likizo kwao, na hapa hakuna mwingine wa kunibebea hata bahasha. Mahindi yamefika magotini. Mbuzi mmoja amezaa pacha. Mama anaenda kanisani, anakaa benchi la nyuma, anarudi. Hasemi waliyomwambia.

Heche amerudi kutoka hospitali. Anatembea kwa fimbo, mguu wa kulia anauburuta. Mke wake Bhoke alisema kisimani, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba daktari amewaambia mguu huo hautakimbia tena. Mchana anakaa mlangoni kwake. Mlango wake unatazama njia yetu. Mimi siku hizi napitia nyuma, kwenye mkonge.

Mzee Kornelio alikuja na wazee wengine wawili. Hawakuketi. Alisema ritongo litakaa mwezi wa sita mavuno yakianza, na nitaapishwa mambo mawili: kwamba sikuwauza ng'ombe wa Heche, na kwamba sikusikia yowe. Nikiapa yote mawili, wataniachia. Nilimwambia niko tayari. Akaniangalia sana, akasema, "Mura, kijana wangu, kiapo si simu. Huwezi kukizima." Wakaondoka.

Kwa hiyo unaona, rekodi haihitajiki. Nitaapa, yataisha. Usiisumbue redio yako kwa ajili yangu.

Mwambie Batholomeo amfundishe Teresia kuhesabu kimoyomoyo kabla ya kupiga. Ahesabu hata kama anatetemeka. Mimi nilijifunza hivyo. Mwanzoni nilikuwa napiga ndege ikiwa bado kama inzi.

Kuhusu sauti, mchezo una kelele, kama alivyosema Batholomeo.

Nelson

*

Mugumu
19 Mei 2025

Nelson,

Nimesikiliza. Niliazima hedifoni za studio, nikafunga mlango, nikarudia mpaka nikawa na hakika ya kila sauti. Naandika ninachokisikia na sina zaidi ya hapo.

Kwanza ni ngurumo za injini na wewe ukimpa rubani maelekezo. Kisha nyuma ya sauti yako kunaingia kelele ya watu, mbali, inakuja na kukatika.

Batholomeo: "Nelson, kwako kuna nini? Nasikia watu wanalia."

Wewe: "Ni nje. Shika mstari."

Batholomeo: "Msiba?"

Wewe: "Yowe. Shika mstari, wawili wanakuja juu kushoto."

Halafu mwanamume, karibu na dirisha lako: "Nelson! Mura! Toka!" Kisha mara ya pili: "Nelson, toka, wanavuka!" Sauti ya Heche naijua, amekula kwangu.

Halafu mwanamke, karibu sana, kama yuko mlangoni mwa chumba: "Nelson, Heche anakuita. Ng'ombe wanakwenda." Sauti ya wifi yangu naijua pia.

Wewe: "Nakuja, mama."

Halafu risasi. Unasema, "Mmoja huyo. Laza kulia." Risasi tena. Batholomeo anacheka, anakuita jini. Kelele ya nje inapungua, watu wamekwenda. Mwishoni, kabla hamjatua, mama yako anasema, "Amekwenda peke yake."

Basi. Rekodi hii inathibitisha kwamba hukuwa na wezi. Hakuna mwenye akili atakayeisikia akasema uliuza ng'ombe. Inathibitisha pia kwamba ulisikia, ukaitwa kwa jina, ukasema unakuja, na hukwenda. Na inathibitisha kwamba mama yako aliwadanganya wazee. Haikatiki nusu. Batholomeo anaweza kuikata kwa kompyuta, aliniambia mwenyewe bila mimi kumuuliza. Nilimwambia akifanya hivyo nitamtangaza.

Katika mambo mawili utakayoapa, la kwanza ni kweli. La pili ni uongo. Wewe umesoma chuo, labda huogopi kiapo. Mimi nimesoma kukuzidi na naogopa.

Sitaipeleka rekodi Nyanungu bila wewe kukubali. Ni yako. Lakini nikiulizwa, nitasema ninachokijua. Amua, uniandikie.

Mtoto ameanza kucheka. Sisi wengine tupo.

Elieth

*

Nyanungu
1 Juni 2025

Shangazi, shikamoo.

Mahindi yamebeba. Sina habari nyingine ya nyumbani.

Umesikiliza. Sawa. Umezoea kurekodi watu, ukakaa ukawasikiliza mara kumi, ukajua walipopumua. Mimi sikuwa na mara kumi. Nilikuwa na ndege mbili.

Wewe hukai hapa. Mwaka jana yowe lilipigwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, tukakimbia wote, tukamkuta fisi. Likapigwa tena, tukamkuta mlevi ameingia zizi lisilo lake. Likapigwa tena, tukakuta nyayo zimeshavuka mto, tukarudi. Nililisikia siku ile nikajiambia, nje wako wanaume wote wa Nyanungu, na mkiani niko peke yangu. Nikitoka hapa, ndege inaanguka na mimi ndiye niliyeiangusha. Nikichelewa kule, watakimbia bila mimi, watanitukana, kesho tutacheka. Nilisema nakuja na nilikuwa nakuja. Nilitaka kwanza wale wawili wapite.

Walipopita nilivua hedifoni, nikatoka na upinde. Njia ilikuwa tupu. Nilifika kwenye mkuyu, nikawaona wanarudi wamembeba. Nikarudi ndani. Hakuna aliyeniona. Hilo kwenye rekodi halipo, kwa hiyo nakuandikia.

Unajua nilichofanya niliporudi ndani? Nilikaa tena kwenye kile kiti. Batholomeo alikuwa bado anapiga kelele kwamba tumefuzu.

Sasa niambie, nikipeleka rekodi yako, mama atakuwa wapi? Ni mjane. Ana shamba lile, kanisa na wanawake wa kisimani. Wakisikia alilidanganya ritongo atabaki na nini? Mimi kuapa ni shingo yangu. Yeye usimguse. Nakuomba kama mtoto wa kaka yako, rekodi ikae huko Mugumu.

Nelson

*

Mugumu
10 Juni 2025

Nelson,

Mama yako amesema atasimama mbele ya ritongo kabla yako na kuufuta uongo wa malaria kwa mdomo wake. Alilisema Ijumaa, sebuleni kwangu. Alikuja kumwona mtoto, kama ulivyopaswa kuja.

Nilimpa chai, nikamwambia nimesikia sauti yake kwenye rekodi. Hakushtuka. Aliendelea kumbembeleza mtoto. Nayanukuu maneno yake: "Walipokuja walimwita mwizi. Mwizi si yeye, kwa hiyo nikasema anaumwa. Wangekuja wakamwita mtu aliyesikia akakaa, ningenyamaza, kwa sababu hilo ni lake." Nilimuuliza kama anaogopa wanawake wa kisimani. Akasema, "Wifi, tangu mwezi wa tatu hawanisalimii. Wataninyima nini tena?"

Kwa hiyo usimweke mbele yako kama ngao. Ngao imeondoka yenyewe.

Sitakuficha jambo jingine. Kwa simu ya Getruda niliongea na Mzee Kornelio. Sikumwambia kilichomo, nilimuuliza tu kama ritongo lingekubali kusikiliza rekodi. Akacheka mpaka akakohoa. "Binti Nyangwine, sanduku likisema, nani atalilisha kiapo?" Nikamwambia kuna mtu aliyekuwepo, anaweza kuapa kwa niaba ya sanduku. Akauliza ni mtu wa wapi. Nikasema Singida. Akasema Wasingida nao wana miungu, aje.

Batholomeo anaogopa. Aliniuliza kama watampiga mishale. Nilimwambia wakitaka kumpiga watamwambia kwanza. Hilo halikumtuliza, lakini atakuja. Teresia amemwambia asipokwenda, yeye haendelei kukaa mkiani kwake.

Umeniandikia kuhusu wewe, kuhusu mama yako, kuhusu fisi na mlevi. Karatasi mbili nzima, na jina la Heche halimo. Nimeangalia tena kuhakikisha. Kabla wazee hawajasikia, yeye ndiye mwenye haki ya kusikia, na asikie kwako, bila mashine na bila mimi.

Marufuku inasema watu wasije kwako. Haikusema wewe usiende kwao.

Nasubiri neno lako. Usipoandika, rekodi itabaki kwenye kabati langu, na wewe utakwenda kuapa unavyotaka.

Elieth

*

Nyanungu
19 Juni 2025

Shangazi, shikamoo.

Heche amesema atahudhuria ritongo na atauliza swali lake mwenyewe. Aliniambia jana, nyumbani kwake.

Nilipita njia ya mbele. Bhoke alikuwa anapepeta uwele. Aliponiona akasimama na ungo. "Umefuata nini?" akasema. "Moto?"

"Mwache," Heche akamwambia. "Ana miguu miwili, acha aitumie."

Hakunikaribisha kukaa. Nilisimama juani nikamweleza yote: gemu, hedifoni, wale wawili, nilivyomwambia mama nakuja, mkuyu, nilivyorudi ndani. Sikuhitaji kumweleza bunduki. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza.

Akauliza, "Ulinisikia nikikuita?"

"Nilikusikia."

"Mara ya kwanza au ya pili?"

"Zote mbili."

Bhoke aliweka ungo chini. Heche akauliza, "Hiyo ndege yenu ilifika?"

Nikasema ilifika.

"Vizuri. Basi yupo aliyefika."

Nilimwambia wazee wanadhani niliuza ng'ombe wake. Akasema yeye hajawahi kudhani hivyo hata siku moja. Alipokuwa anapita langoni aliona mwanga wa kompyuta dirishani na kichwa changu. Alijua nimo. Alikimbia kule mtoni akiamini kwamba nyuma yake niko njiani, kwa hiyo hakugeuka kuangalia. Nikamuuliza mbona hakuwaambia wazee, miezi yote hii naitwa mwizi. Akasema, "Niwaambie nini, Nelson? Kwamba mwenzangu alikuwa nyumbani?"

Bhoke akasema jua linakuwa kali, niende.

Nilipofika kwenye lango lao Heche akaniita. Sauti ile ile. Nikageuka. Akasema mimi niseme kwanza mbele ya ritongo, kwa mdomo, na sanduku lije nyuma yangu. Likitangulia sanduku, yeye atainuka aende zake, hata kama atachukua asubuhi nzima kufika kwake. Kisha akasema wakati huo ukifika ataniuliza mbele ya watu alichoniuliza pale, na mimi nijibu hivyo hivyo, bila kuongeza fisi.

Wewe tu ndiye niliyekuandikia kuhusu fisi. Nadhani ulimwambia mama, na mama amekuwa akipita kule.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kornelio. Nilimwambia nitaapa jambo la kwanza, na la pili siliapi. Aliniuliza kama najua maana yake. Nikasema najua. Hawatanifukuza kama mwizi. Lakini mtu aliyelisikia yowe akakaa hapewi mwenzake wa kukimbia naye, na asiye na mwenzake haitwi kwenye jambo lolote la wanaume, wala kwenye sherehe. Alisema huenda ikawa mpaka nizae mtoto wa kiume naye atahiriwe. Alisema huenda ikazidi hapo. Hakusema kwa hasira. Kompyuta na simu hakunirudishia.

Leo mama amepika mapema, akaniambia nikate nywele.

Rekodi ije yote, isikatwe popote. Mwambie Batholomeo aje na betri yake, umeme wa huku hauaminiki, na spika inayosikika mpaka kwa watu wa nyuma. Kiti changu ampe Teresia kabisa, asiniwekee.

Ritongo litakaa Jumamosi, tarehe 28 Juni, saa tatu asubuhi, uwanjani kwa Mzee Kornelio. Mama ataanza, halafu mimi, halafu Heche na swali lake. Batholomeo atafuata.

Nelson